Shule za msingi za Kikatoliki vijijini nchini Tanzania

Shule za msingi za Kikatoliki vijijini nchini Tanzania ni shule zilizoanzishwa nje ya miji na wamisionari, makatekista na waamini wa Kanisa Katoliki tangu nusu ya pili ya karne ya 19. Nyingi zilianza katika kibanda cha nyasi ambamo mtu mmoja alifundisha sala na kusoma. Baadaye zilikua zikawa shule za madarasa manne, kisha saba, na kufuatana na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ziliwekwa chini ya serikali. Hivyo shule nyingi za umma zilizopo vijijini leo, hasa katika mikoa ya Kilimanjaro, Kagera, Ruvuma, Mtwara na Rukwa, zina asili ya Kikatoliki hata kama jina na kibao chake havionyeshi hivyo. Tofauti na hizo, zipo shule mpya za binafsi ambazo majimbo na mashirika ya kitawa yamezijenga hasa tangu miaka ya 1990.

Mwanzo

Shirika la Roho Mtakatifu lilifika Zanzibar mwaka 1863 na kuanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Wanafunzi wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Walifundishwa dini, kusoma, kilimo na ufundi, na walipokua walioana na kupewa mashamba katika kijiji cha misheni. Kwa hiyo shule ya Bagamoyo haikuwa shule ya kijiji kwa maana ya kawaida: kijiji kilitokana na shule, si shule kutokana na kijiji.

Bara hali ilikuwa kinyume. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadre Weupe, walipita Bagamoyo mwaka 1878 wakielekea maziwa makuu, wakafungua vituo kama Karema kando ya Ziwa Tanganyika (1885) na Kashozi karibu na Bukoba (1892). Roho Mtakatifu walipanda hadi Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakaanza Kilema na halafu Kibosho. Wabenedikto wa Sankt Ottilien walianza Pugu mwaka 1888, wakashambuliwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri, na baadaye wakaelekea kusini, ambako walifungua Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Huko walikuta watu wenye watawala wao, mashamba yao na watoto wao, ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kuhamia misheni. Ilibidi shule iwafuate walipo.

Kusini kazi hiyo ilikatishwa na Vita vya Majimaji. Mwaka 1905 askofu Cassian Spiss, mwanzilishi wa Peramiho, aliuawa pamoja na wenzake akiwa safarini, na muda mfupi baadaye Peramiho yenyewe ilichomwa moto. Baada ya vita na njaa iliyofuata, shule za Ungoni zilienea haraka kuliko kabla. Wanahistoria hutaja sababu mbalimbali. Iliyo wazi zaidi ni kwamba watu walioshindwa walihitaji njia mpya ya kuishi na watawala wapya, na shule ilikuwa mojawapo kati ya njia chache zilizokuwa wazi.

Shule ya katekista

Kituo cha misheni kilikuwa na mapadre wawili au watatu tu, na eneo lake lilikuwa la siku kadhaa za kutembea. Ndiyo maana shule ya kijijini ilianzishwa karibu daima na katekista, yaani mwamini aliyefundishwa misheni kwa miezi au miaka michache, kisha akatumwa kukaa kwenye kigango. Mkuu wa kijiji alitoa kiwanja, wanaume walikata miti, wanawake walileta nyasi na maji ya kukandia udongo. Jengo lilikuwa moja kwa kazi zote: asubuhi darasa, jioni katekesi, Jumapili ibada. Viti vilikuwa magogo au matuta ya udongo yaliyojengwa kwa mistari. Kengele mara nyingi ilikuwa kipande cha chuma kilichoning'inizwa mtini, na katika shule nyingi desturi hiyo ipo hadi leo.

Somo lilikuwa fupi, saa mbili au tatu kwa siku, kwa sababu watoto walitakiwa nyumbani kuchunga, kulinda mashamba dhidi ya ndege na nyani, na kulea wadogo zao. Walijifunza herufi, silabi, kuandika kidogo, hesabu kidogo, nyimbo, na katekisimu kwa kichwa. Watu wazima walikaa pamoja na watoto, kwa kuwa lengo la kwanza la wamisionari lilikuwa kuwaandaa wakatekumeni kwa ubatizo. Katika Buganda Wakristo wa kwanza waliitwa "wasomaji", na mawazo hayohayo yalivuka mpaka hadi Bukoba: kusoma na kusali vilihesabiwa kuwa jambo moja. Yeyote anayetaka kuelewa kwa nini wazee wa vijiji fulani walikataa shule kwa miaka mingi asisahau jambo hilo. Kumpeleka mtoto kusoma kulikuwa kumpeleka abadilishe dini, jina na mara nyingine hata mwenzi wa ndoa aliyekwisha kuchaguliwa na ukoo.

Malipo ya katekista yalikuwa madogo sana, tena mara nyingi yalikuwa nguo, chumvi au msamaha wa kazi fulani za kijiji kuliko fedha. Aliishi kwa shamba lake. Hata hivyo alikuwa na uzito mkubwa: aliandika na kusoma barua za watu, alituma habari misheni, alipatanisha wagomvi. Vita vikuu vya kwanza vilipofika na wamisionari Wajerumani kuwekwa kizuizini na hatimaye kuondolewa nchini, ni makatekista waliodumisha vigango na shule katika sehemu kubwa ya kusini mpaka mapadre wengine walipofika, kama vile Wakonsolata huko Iringa (1919) na Wakapuchini wa Uswisi huko Dar es Salaam na Mahenge (1921). Historia nyingi za parokia huanza na jina la padre. Kwa haki zingeanza na la katekista.

Mashindano ya misheni

Chini ya Wajerumani serikali ilijenga shule chache tu, hasa za kuandaa makarani na maakida, kuanzia Tanga. Kufikia mwaka 1914 misheni zote pamoja, za Kikatoliki na za Kiprotestanti, zilikuwa na shule zaidi ya 1,800, na za serikali hazikufikia 100. Idadi hiyo ya misheni isitudanganye, kwa sababu nyingi kati ya hizo zilikuwa zile za kibanda kimoja zilizoelezwa hapo juu.

Sababu moja ya wingi huo ilikuwa mashindano. Kilimanjaro mlima uligawanyika karibu umangi kwa umangi: Machame na Moshi ya Kale zilifuata Walutheri, Kilema, Kibosho na Rombo zikafuata Wakatoliki. Huko kusini Wabenedikto wa Ndanda walikuwa jirani na Waanglikana waliokuwa wamefika Masasi tangu mwaka 1876. Misheni moja ikisikia kwamba nyingine imemwomba mkuu wa kijiji fulani kiwanja cha shule, iliwahi kutuma katekista wake. Matokeo yake vijiji vingine vilikuwa na shule mbili zisizo na wanafunzi wa kutosha, na vingine visipate hata moja. Lakini kwa wenyeji mashindano hayo yalikuwa na faida: mzazi asiyeridhika na mwalimu wa upande mmoja aliweza kumtisha kwamba atampeleka mtoto upande wa pili.

Kilimanjaro na Bukoba zilipata faida nyingine, nayo ni kahawa. Mkulima aliyeuza kahawa aliweza kulipa ada, kununua sare na kuchangia bati na saruji. Tofauti za elimu kati ya mikoa ya Tanzania, ambazo bado zinaonekana, zilianza katika miongo hiyo, pale misheni na zao la biashara vilipokutana mahali pamoja.

Ruzuku

Mabadiliko makubwa kuliko yote kabla ya uhuru yalitokana na fedha. Tume ya Phelps-Stokes ilitembelea Afrika Mashariki mwaka 1924, ikasifu wingi wa shule za misheni na kulaumu ubora wake. Kufuatana na sera mpya ya Uingereza ya mwaka 1925, Tanganyika ilitunga sheria ya elimu ya mwaka 1927 iliyoleta ruzuku: serikali itasaidia kulipa walimu wa misheni, mradi shule iandikishwe, ifuate mtaala, ifundishe kwa Kiswahili, iwe na mwalimu mwenye cheti na ikubali wakaguzi.

Je, Kanisa lipokee? Wamisionari wengi walihofu kwamba anayelipa ndiye atakayeamua. Mwaka 1928 Papa alimtuma Arthur Hinsley kuzitembelea misheni za Afrika zilizokuwa chini ya Waingereza, naye akiwa Dar es Salaam aliwaagiza maaskofu washirikiane na serikali kwa nguvu zote, hata kama kwa ajili hiyo ingebidi ujenzi wa makanisa usubiri ili shule ziboreshwe. Agizo hilo liliamua mambo kwa miaka 40 iliyofuata.

Toka hapo shule za vijijini ziligawanyika mafungu mawili. Zile zilizopata ruzuku zilijengwa kwa matofali, zikapata ubao, vitabu, madarasa yaliyotenganishwa kwa umri, na mwalimu aliyesomea ualimu ambaye si lazima awe katekista. Paroko akawa meneja: aliajiri, alilipa mishahara, alipeleka taarifa kwa katibu wa elimu wa jimbo. Zile zisizopata ziliendelea kama shule za katekesi, bila kutambuliwa, na mara nyingi zilikuwa mlango wa kuingilia zile za kwanza. Mtoto alisoma mwaka mmoja au miwili kwa katekista wa kijiji chake, kisha akatembea kilomita nyingi kila siku hadi kwenye shule ya misheni.

Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulipunguza bajeti ya elimu, na ukuaji ulirudi nyuma. Baada ya Vita vikuu vya pili ulianza tena kwa kasi. Mfumo wa miaka ya 1950 ulikuwa na miaka minne ya shule ya msingi, miaka minne ya shule ya kati, na miaka minne ya sekondari. Shule nyingi za vijijini ziliishia darasa la nne. Mtihani wa darasa hilo uliwatoa watoto wengi sana, na neno "darasa la nne" lilibaki kwa muda mrefu kama kipimo cha elimu ya mtu. Kijiji kilichotaka shule yake ipandishwe kuwa ya kati kilipaswa kuonyesha juhudi kwanza: nyumba za walimu, bweni, shamba, chanzo cha maji. Maombi hayo yaliweza kuchukua miaka.

Mmojawapo kati ya waliopita njia hiyo ni Benjamin Mkapa, rais wa tatu wa Tanzania, aliyezaliwa Lupaso karibu na Masasi mwaka 1938 akasoma katika shule za Wabenedikto kabla ya kufika sekondari ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Julius Nyerere kwa upande wake hakuanzia shule ya misheni, ingawa wengi hudhani hivyo. Alianza Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, shule isiyo ya Kanisa, akabatizwa mwaka 1943. Baadaye alifundisha katika sekondari za Kikatoliki za Tabora na Pugu.

Wasichana

Katika shule ya katekista wasichana walikuwepo kwa wingi, kwa sababu nao waliandaliwa kubatizwa. Walianza kupungua shule ilipokuwa ya kudumu na yenye ada. Mwanya huo ulijazwa kwa kiasi na masista, kwanza kutoka Ulaya, halafu wa mashirika ya wenyeji kama Masista wa Mama Yetu wa Kilimanjaro na Wabenedikto wa Chipole huko Ruvuma. Wazazi waliokataa kumtuma binti kwa mwalimu mwanamume walikubali kumtuma kwa masista. Mafunzo yake yalikuwa kwa sehemu kubwa ushonaji, upishi na malezi. Waliotaka zaidi ya hapo walikuwa na njia mbili tu, ualimu na uuguzi, na kwa wengine njia ya tatu ilikuwa utawa wenyewe.

Kutaifishwa

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 sehemu kubwa ya shule za msingi ilikuwa mikononi mwa madhehebu ya Kikristo. Jambo hilo lilikuwa na uzito wa kisiasa. Waislamu, ambao kwa miaka mingi wazazi wao walikuwa wamekwepa shule za misheni kwa kuhofia watoto kubatizwa, walikuwa wachache sana sekondari na serikalini. Hatua ya kwanza ilikuwa kuwaunganisha walimu wote, wa serikali na wa mashirika, katika utumishi mmoja mwaka 1962. Mwaka 1967 lilikuja Azimio la Arusha, na mwezi mmoja baadaye maandiko ya Nyerere juu ya Elimu ya Kujitegemea, yaliyotaka shule ya msingi imtosheleze mwanakijiji badala ya kuwa ngazi ya kuwachuja wachache.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoanza kutumika mwaka 1970, iliweka shule zilizopokea ruzuku chini ya serikali. Seminari ziliachwa. Kwa jumla maaskofu walikubali bila ugomvi wa hadharani, na baadhi yao waliona kwamba Kanisa limepunguziwa mzigo ambao halikuwa na fedha za kuubeba. Kwa parokia za vijijini badiliko halikuwa jepesi hivyo. Paroko aliyekuwa meneja jana alikuwa sasa jirani tu wa shule aliyoijenga yeye na waamini wake. Kamati ya shule ilichaguliwa na kijiji kizima. Watoto wa dini zote waliingia kwa haki ileile, na kipindi cha dini kilibaki katika ratiba, kikifundishwa na katekista, padre au shehe kulingana na watoto waliopo. Majina ya watakatifu mara nyingi yaliondoka, yakaja ya vijiji, mito na vilima.

Suala lililoachwa bila kumalizwa ni ardhi. Kanisa na shule vilikuwa katika kiwanja kimoja kilichotolewa zamani kwa neno la mdomo. Nani mwenye uwanja wa mpira, nani mwenye kisima, nani avune miti iliyopandwa na wanafunzi wa miaka ya 1950? Maswali ya namna hiyo yameendelea kuzuka kila hati inapotafutwa au ukuta unapotaka kujengwa.

Elimu kwa wote

Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ilifutwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, wakati uleule ambapo watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Shule ya zamani ya misheni, yenye majengo imara, mara nyingi ndiyo iliyofanywa shule ya kijiji kipya. Iliongezewa madarasa hadi la saba, ikaingiza watoto kwa zamu asubuhi na mchana, na ikapokea walimu wa UPE, vijana waliomaliza darasa la saba na kufundishwa ualimu huku wakifundisha. Katika miaka ya 1980, fedha za serikali zilipopungua, majengo hayo yalichakaa. Mpango wa MMEM ulipofuta tena ada na michango mwaka 2001, na elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa Januari 2016, wanafunzi waliongezeka mara nyingine ghafla. Mara nyingi shule iliyozidiwa iligawanywa mbili kwenye kiwanja kilekile, kwa mfano A na B.

Shule mpya

Mwaka 1992 serikali ilitia saini mapatano na makanisa kuhusu huduma za jamii, ambayo yamelaumiwa na taasisi kadhaa za Kiislamu kuwa ni upendeleo. Mwaka huohuo iliundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilifungua mlango zaidi kwa shule binafsi. Toka hapo majimbo na hasa mashirika ya masista yamejenga shule mpya za msingi, mara nyingi zikianza na chekechea ya parokia, kisha darasa la kwanza, halafu darasa moja kila mwaka mpaka la saba.

Nyingi ni za mchepuo wa Kiingereza, nyingi zina mabweni, na matokeo yake katika mitihani ya taifa huwa ya juu. Ila zinategemea ada. Shule inayojengwa kijijini kwa sababu huko kuna ardhi na utulivu hujaa watoto wa wafanyakazi wa mjini, huku mtoto wa jirani akienda shule ya umma iliyo ng'ambo ya barabara, ambayo pengine babu yake aliifyatulia matofali ilipokuwa ya misheni. Baadhi ya mashirika hutenga nafasi za ufadhili kwa yatima na watoto wa kijijini, au hupokea sehemu ya ada kwa mahindi na maharage. Mengine hayawezi, kwa kuwa mishahara ya walimu haitoki serikalini.

Nchi jirani

Nchini Kenya Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ilizifanya shule za misheni kuwa za umma, lakini iliyaachia makanisa nafasi ya wadhamini, na hivyo shule nyingi zina jina la mtakatifu na zina sauti ya Kanisa katika malezi ya kidini. Uganda ilifuata njia inayofanana na hiyo tangu mwaka 1963. Huko Kongo serikali ya Mobutu ilizitwaa shule za makanisa mwaka 1974, ikashindwa kuziendesha, na kwa mkataba wa mwaka 1977 ikazirudishia makanisa uendeshaji, huku walimu wakiwa bado wa kulipwa na serikali.